Dengu Zilizogoma Kuumuka

Mwezi uliopita kazi ilinipitisha Kibondo. Mimi hutengeneza mashine za maabara za hospitali, na safari zangu ndivyo zilivyo: unaamka mji huu, unalala mji ule, na katikati unabaki na saa mbili hivi ambazo hakuna anayekudai. Saa hizo nilizitumia kwenda kuitazama nyumba tuliyokulia. Ipo. Wamebadilisha mabati, wamejenga ukuta upande wa barabarani, na palipokuwa na duka la nguo la jirani yetu sasa wanauza simu. Sikubisha hodi. Nilisimama upande wa pili wa barabara, vumbi jekundu likiniingia viatuni, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura ya mtu. Ilikuwa harufu ya dengu zilizochacha.

Si harufu ya kusifiwa, nakubali. Asiyeizoea anaweza kudhani kuna chakula kimesahaulika chini ya kabati. Ina uchachu wa maziwa mgando, na nyuma yake kuna ubichi fulani wa udongo uliolowa. Lakini umimine unga wa dengu hizo, mzito kama uji, kwenye chuma cha moto kilichopakwa mafuta, na kabla hujageuka harufu imekuwa nyingine kabisa. Ukingo unakauka na kuwa kahawia, na juu yanatokea matundu madogo madogo kama yaliyotobolewa kwa sindano. Hizo ndizo chila za dengu. Huliwa na mayai ya rojo, na nitakueleza yalivyopikwa, maana mpaka leo sijala mengine yaliyoyafikia.

Nilikuwa na miaka kumi. Baba yangu ni Muha wa Kumsenga, mwalimu, na wakati huo alikuwa Tabora masomoni kwa miaka miwili. Mama ni mtu wa Songea aliyepangiwa kazi Kibondo, muuguzi, na zamu zake zilimchukua asubuhi moja na kumrudisha asubuhi nyingine. Kwa hiyo bibi, mama yake baba, aliletwa kutoka Kumsenga kutuangalia mimi na dada yangu. Alikuja na jiwe lake la kusagia, vibuyu viwili na jembe. Kiswahili chake kilikuwa kifupi. Alisema nasi Kiha, na mtu mwingine akija alipiga makofi ya salamu taratibu, akasema mwakeye, mwakeye, kisha akaniachia mimi mazungumzo.

Kazi zetu zilijulikana. Kuteka maji, kufagia uwanja, kusugua sufuria kwa majivu, kuchambua maharage. Asubuhi za kiangazi Kibondo ni za baridi, ukungu unakaa juu ya migomba mpaka jua lipande, na sisi tulikuwa tunakimbilia jikoni kwa bibi kabla ya kunawa uso. Moto wake haukuzimika. Alikuwa na kisiki kimoja kikubwa alichokisukuma kidogo kidogo kati ya mafiga, na akilala alikifunika kwa majivu. Nyuma ya nyumba, kwenye migomba, alichimba shimo la kuivishia ndizi, kwa sababu alikuwa mpishi wa pombe ya ndizi. Hakuuza. Alipikia harusi na watu wa jumuiya yake ya kanisani, na mama yangu hakuona ubaya.

Kushoto kwetu aliishi muuza nguo na mkewe. Mume alizaliwa Kasulu, lakini ukoo wao ulitoka Tanga zamani, watu wa biashara, Waislamu. Mke alikuwa binti wa Pangani, yatima aliyelelewa na bibi yake. Walikuwa na miaka mitatu ya ndoa, na katika miaka hiyo mama mkwe wake, aliyekuwa na duka kubwa pale Kasulu, hakuwa amekanyaga nyumbani kwao hata siku moja, ingawa ni safari ya asubuhi tu. Hakuitaka ndoa ile. Alitaka mwanawe aoe kwa watu anaowajua. Haya niliyajua kwa sababu wanawake wakichambua mchele husahau kwamba mtoto ana masikio.

Jirani huyu alinipenda, nami nilimpenda. Alikuwa na mikono midogo, alivaa kanga ya ndani ya nyumba namna ambayo wanawake wa kwetu hawakuivaa, na aliniita binti. Nikimsaidia kazi alinisimulia Pangani, na mara nyingi hadithi iliishia kwenye chakula. Chila za dengu ndizo alizozitaja zaidi. Bibi yake alizipika asubuhi za Idi.

Dengu zenyewe Kibondo zilikuwa tele wakati huo, zile za njano zilizopasuliwa. Zilitoka kambi ya wakimbizi iliyokuwa karibu na mji. Wakimbizi walipewa mwezi baada ya mwezi, wakazichoka, wakazileta sokoni kubadilishana na unga wa muhogo, dagaa, au mkungu wa ndizi. Namkumbuka mama mmoja wa Kikongo aliyetupimia bakuli mbili huku anatushangaa.

"Mnazitaka kweli?" alituuliza. "Siye huko tumezila mpaka watoto wanalia wakiziona."

"Nazichachua," jirani akamwambia. "Nazipika kama chapati."

Yule mama akatuongeza konzi moja bure, nadhani kwa huruma.

Tatizo lilikuwa baridi. Dengu huloweshwa, zikasagwa na mchele kidogo mpaka ziwe laini, kisha unga huo mzito unaachwa uchache wenyewe. Pangani, alisema, unauacha jioni, asubuhi umefika ukingoni. Kibondo alijaribu mara tatu, na mara zote unga ulikaa chini ya bakuli kama ulivyowekwa, kimya, mpaka ukaanza kunuka vibaya akaumwaga. Nilimwuliza kwa nini asitie hamira. Akasema hamira inauvimbisha, lakini chila inakuwa na ladha ya mkate, na mtu aliyekula za kweli anajua kwa tonge la kwanza.

Kisha ikaja habari kutoka Kasulu. Mama mkwe angekuja kula Idi Kibondo. Na alikuwa ametuma neno na mwanawe: marehemu mumewe alipenda chila za dengu, kwa hiyo kama huyo binti wa Pangani anaziweza, azipike.

Siku mbili kabla ya Idi jirani alikuja kwetu amebeba unga wake ndani ya chungu, kimefunikwa kitambaa cheupe.

"Bibi," alisema, nami nikatafsiri, "nakuomba unisitiri. Jiko langu ni la mkaa, likizimwa limezimwa. Moto wako haulali. Nikiacha hiki hapa karibu na mafiga, labda kitaamka."

Bibi alikiweka mahali pazuri, si karibu sana wala si mbali. Alikigeuza kila baada ya muda ili joto likizunguke. Alikichungulia mara nyingi kuliko alivyochungulia chakula chetu. Lakini mpaka alasiri ya siku iliyofuata, unga ulikuwa bado umelala.

Nilikuwa natoka kuteka maji nilipomwona. Alikuwa amechuchumaa kando ya chungu, kitambaa kimefunuliwa, na mkononi ana kibuyu cha pombe. Si pombe ya juu, bali yale machicha mazito yanayobaki chini. Alitia mwiko mmoja, akatia wa pili, akakoroga kwa mkono.

"Unga wake ulikuwa umelala," aliniambia. "Nimeuamsha."

"Bibi, hiyo si pombe?"

"Pombe inanyweka. Hii inanyweka?"

Nikasema hainyweki.

"Basi ni mbegu. Tua hayo maji."

Leo naelewa. Kule kwake Waislamu walikuwa wachache, na alichokijua juu yao ni kwamba hawalewi. Mbegu ya kuchachulia, kwake, haikuwa na uhusiano na kulewa. Alikuwa mtu anayejua kuchachua kuliko mtu yeyote pale mtaani, na alikuwa anamsaidia kijana aliyeshindwa. Lakini mimi darasani nilikaa dawati moja na msichana wa Kiislamu, na nilijua zaidi ya bibi. Mama aliporudi kutoka zamu, miguu imemvimba, nilimwuliza kama pombe ikitiwa kwenye unga inabaki pombe.

"Nani ametia?" akauliza, macho tayari yamefumba.

"Hakuna."

"Basi kama hakuna, niache nilale."

Asubuhi ya Idi jirani alikuja mapema. Alifunua kitambaa, akaweka mkono mdomoni. Unga ulikuwa umepanda mpaka ukingoni, umejaa mapovu, na unatoa ile harufu. Alimkumbatia bibi, na bibi, ambaye hakuzoea kukumbatiwa, alicheka na kuangalia pembeni. Kisha jirani akabeba chungu, akanikabidhi chuma cha kupikia alichokuja nacho, tukaenda kwake.

Mama mkwe alikuwa amefika tangu jana. Tulimsikia sebuleni akizungumza na mwanawe waliporudi kuswali. Sisi tulikuwa uani na majiko mawili. Kwenye moja jirani alipika mayai. Aliyachemsha kwanza, akayamenya, akayakaanga kidogo mpaka ngozi yake ikawa na malengelenge ya dhahabu. Halafu vitunguu, vingi, vilivyokaangwa polepole kwenye mawese mpaka vikawa kahawia. Mawese ni mambo ya huku kwetu, na yeye alikuwa amejifunza kuyatumia, kidogo tu ili yasitawale. Akatia vitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, manjano, bizari ya pilau aliyoikaanga kavu kwanza, pilipili mbichi iliyopasuliwa katikati, kisha nyanya. Rojo lilipokuwa zito na mafuta yamejitenga pembeni, aliyachanja mayai kwa kisu ili viungo viingie, akayalaza humo, akafunika.

Kwenye jiko la pili alipaka chuma mafuta kwa nusu ya kitunguu, akamimina upawa wa unga, akauzungusha. Ilitokea chila nzuri kuliko nilivyowahi kuiwaza. Ya kwanza alinipa mimi.

"Onja, uniambie chumvi."

Nikala. Nilikuwa mtoto, na ilikuwa tamu. Nilisema chumvi inatosha. Akamimina ya pili, na ilipoiva akakata kipande, akakipuliza, akakipeleka mdomoni.

"Usile, mama," nikasema.

Mkono wake ulisimama. "Kwa nini?"

"Bibi alitia machicha. Ya pombe ya ndizi."

Alinitazama, akakitazama kile kipande, akakiweka chini kando ya jiko.

"Uliona kwa macho yako?"

"Niliona."

"Alikusudia nini?"

"Alisema unga umelala. Anauamsha."

Alikiondoa chuma motoni. Alikaa muda kidogo amejiinamia, mikono juu ya magoti, na sebuleni tulisikia mama mkwe akikohoa. Kisha akainua chungu kile kizito peke yake, akakipeleka kwenye mpapai ulioko kando ya bafu, akamwaga unga wote. Alirudi, akanawa mikono kwa sabuni mara tatu, akakisugua chuma kwa majivu. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Mama mkwe alitokea mlangoni. Alikuwa mfupi, mpana, na miwani yake ilifungwa kwa uzi nyuma ya shingo.

"Mbona nasubiri?" alisema. "Harufu ya chila nimeisikia."

"Unga umeharibika, mama," jirani akajibu. "Nimeshindwa kuuchachua. Nilijaribu moja, haikufaa. Nimeumwaga."

Mama mkwe aliutazama mpapai, na pale chini bado povu lilikuwa linachemka juu ya udongo. Mtu yeyote aliyewahi kupika angejua kwamba unga ule haukushindwa kuchacha. Akanitazama mimi. Nikatazama miguu yangu.

"Haya," alisema. "Tutakula kilichopo."

Walikula mayai na ndizi za kuchemsha. Mume alisifia, mama mkwe akasema mayai yamekolea, na zaidi ya hapo hakusema. Alikuwa ameahidi kukaa siku nne. Aliondoka kesho yake na basi la kwanza.

Jirani hakuja kwetu siku kadhaa. Tulisalimiana kupitia uzio, naye alikuwa na adabu ileile, lakini hakuingia. Bibi aliniuliza chila zilipokewaje. Nilijaribu kukwepa, lakini bibi hakuwa mtu wa kukwepeka, nikamweleza yote. Alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Ameumwaga wote?"

"Wote."

"Na mkwewe akaondoka bila kula."

"Alikula mayai."

Bibi aliendelea kutazama maharage. Baadaye alimwita mama akaketi naye, na mama akamweleza taratibu, kwa Kiswahili na kwa Kiha chake kibovu, kwamba kwa Waislamu si kulewa tu, ni kile kitu chenyewe, hata tone. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema sentensi moja: hakujua, na angejua angekiacha kile chungu kilale mpaka kioze.

Asubuhi alivaa kitenge chake cha kanisani, akanishika mkono, tukaenda kwa jirani. Alipiga makofi ya salamu marefu kuliko kawaida. Jirani akatandika mkeka, lakini bibi alikaa chini, kwenye udongo.

"Mwanangu, nimekutilia kibaya chunguni."

"Hukujua, bibi. Na mtoto aliwahi."

"Mkweo ameondoka na jina lako baya. Kwa nini hukumwambia kwamba ni mimi?"

Jirani akauacha mkeka, akakaa naye pale chini. "Ningemwambia, angekwenda kusema kwamba majirani zangu ni watu wa kunitilia pombe chakulani. Na wewe si mtu wa hivyo."

Nilitafsiri. Bibi aliuvuta ukingo wa kitenge chake, akaukunja na kuukunjua.

"Basi nitamwambia mwenyewe," alisema. "Lakini siendi mikono mitupu. Loweka dengu."

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi. Bibi alitafuta chungu kipya kwa mfinyanzi, ambacho hakijaguswa na chochote. Hakutaka shimo la kwetu litumike, kwa sababu lilikuwa limeshaivisha ndizi za pombe, kwa hiyo akachimba jingine upande wa jirani, ng'ambo ya uzio, mwenyewe, na jembe lake. Alichoma matawi makavu ndani mpaka udongo ukapata moto, akatoa makaa yote, akatandika majani makavu ya mgomba, akakishusha chungu, akafunika kwa majani mengine na udongo juu. Jirani alisimama pembeni na mashaka usoni. Mara ya kwanza ilikuwa hasara. Shimo lilikuwa na joto mno na dengu ziliiva upande mmoja zikawa kama uji wa mgonjwa. Bibi alizionja, akatema, akasema ndizi zina maganda ya kuzilinda, dengu hazina. Mara ya pili aliliacha shimo lipoe, akaingiza mkono na kuhesabu pumzi zake kabla ya kuridhika.

Kesho yake mchana walifukua. Unga ulikuwa umeinua kitambaa.

Jirani alitaka kupika palepale. Bibi akakataa. Shule zilikuwa zimefungwa, mama akaruhusu niende kuwa mkalimani, na asubuhi tukapanda basi la Kasulu, jirani na kapu la mayai na viungo, bibi na chungu katikati ya magoti. Barabara ilikuwa ya mashimo wakati ule. Unga, kwa kuwa ulikuwa hai, uliendelea kupanda njiani, ukamwagikia kitenge cha kanisani, na watu wakaanza kufungua madirisha.

"Bibi, umebeba nini humo?" kondakta aliuliza.

"Chakula cha mkwe," bibi akajibu kwa Kiha, na basi zima likanyamaza kwa heshima. Kwa Waha, mbele ya neno mkwe hakuna mzaha.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa nyuma ya duka lake, karibu na soko. Alitupokea kwa mshangao, akatukaribisha, akaagiza chai. Bibi hakuigusa. Alipiga makofi yake, akasalimu, akaanza kusema kwa Kiha, polepole, akinipa nafasi. Alisema ni yeye aliyetia machicha ya pombe. Alisema mkwe wako alipojua alimwaga, hakuna aliyekula ila huyu mtoto, ambaye si wa dini yenu. Nilifika kwenye neno pombe nikasita.

"Sema kama nilivyosema," bibi akaniambia.

Nikasema.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. Hakumtazama bibi, alimtazama mke wa mwanawe.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua, mama."

"Ukasema ni wewe umeshindwa."

"Ndiyo."

"Na mimi nikarudi hapa, nikampigia mwanangu simu, nikasema mkewe hajui hata kuchachua dengu." Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Nilisema na mengine."

"Najua, mama. Aliniambia."

Dukani mtu alikuwa anauliza bei ya vitenge na hakuna aliyemjibu. Mama mkwe alivaa miwani yake, akainuka kwa kushika kiti.

"Mkaa uko nyuma ya mlango," alisema.

Tulipika uani kwake. Jirani alikuwa na wasiwasi, na chila ya kwanza ilichanika. Ya pili ilitoka na matundu yake yote. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda, sahani magotini. Alikata kipande, akachovya kwenye rojo la mayai, akatafuna akiwa ametazama ukuta. Akala nyingine. Na nyingine.

"Chumvi imepungua," alisema mwishowe. Kisha akamgeukia bibi. "Mwulize huyu mama amezichachuaje na baridi hii. Mimi tangu niletwe huku na mume wangu sijawahi kuziweza. Natia hamira, nanyamaza. Marehemu amekula hamira mpaka anaingia kaburini, na hakusema neno."

Nilipomtafsiria bibi alicheka mpaka akajifuta machozi, na mama mkwe, baada ya kujizuia kidogo, naye akacheka. Jirani peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia chuma, anamimina, na niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo na bado haamini kwamba ameutua.

Mchana wote bibi alieleza shimo. Upana wake, kina chake, matawi gani ya kuchoma na yapi yana moshi mbaya, namna ya kupima joto kwa mkono. Alichora kwenye udongo kwa kijiti. Mama mkwe aliuliza maswali kama mtu anayenunua kiwanja, na jioni yake tulipopanda basi, alimpa bibi kitenge kipya badala ya kile kilichomwagikiwa. Jirani hakurudi nasi. Mama mkwe alisema abaki wiki moja amzoee.

Baada ya hapo alikuja Kibondo mara nyingi. Akija alipita kwanza kwetu. Yeye na bibi hawakuwa na lugha moja ya kutosha, lakini walikaa jikoni na kuelewana, na mimi polepole nikakosa kazi ya kutafsiri.

Mengine yalikwenda kama mambo yanavyokwenda. Baba alimaliza masomo, akahamishiwa mbali, na sisi tukamfuata. Bibi alirudi Kumsenga na jiwe lake, akafa huko, amelala kitandani mwake, na jirani alifika mazishini na mama mkwe wake na watoto wawili. Kambi ile ilifungwa, watu wakarejeshwa makwao, na dengu za njano zikatoweka sokoni. Duka la Kibondo likauzwa. Mama mkwe alipozeeka, jirani ndiye aliyemwogesha na kumlisha mpaka siku yake ya mwisho. Mara ya mwisho tuliposemezana alikuwa Tanga na mumewe, sauti ileile, akiniita binti ingawa nina wangu wawili.

Ninazipika bado. Naishi Mwanza, na supamaketi ya chini ya nyumba yetu ina dengu za kila rangi. Nazisaga kwa mashine, nafunika bakuli, naliacha juu ya meza. Joto la huku linatosha, na nikiamka unga uko ukingoni. Watoto wanazipenda kwa mayai, wanaomba pilipili ipunguzwe. Tumekaa katika jengo hili miaka sita sasa. Unga haujanigomea hata siku moja, na mlango wa jirani yangu sijawahi kuubisha.